Siri ya Darla na Kinasa Sauti cha Mama

Mama yangu alikuwa anapima wema wa watoto wa watu. Ndiyo kazi aliyoajiriwa na chuo kikuu kuifanya, na mimi nilikulia ndani yake hadi nikaichukia. Watoto wa mtaa wetu huko Minnesota walikalishwa kwenye meza yetu ya jikoni, wakapewa biskuti, kinasa sauti kikawashwa, halafu Mama anawasimulia kisa cha kubuni: mvulana kamwona rafiki yake akivunja dirisha la duka la mikate, je, aseme? Mtoto akijibu, Mama anauliza, "Kwa nini?" Akijibu tena, kwa nini tena. Hakubali wala hakatai, uso mkavu. Baadaye anampanga mtoto kwenye ngazi zake: huyu anaogopa tu kuchapwa, yule anataka kusifiwa, huyu ameshaanza kuijali sheria.

Balaa ni kwamba kazi hiyo hakuiacha mezani. Nilikuwa na miaka kumi, na sikumbuki hata siku moja aliyoniambia hili baya, hili zuri. Nikimuuliza, ananirudishia: wewe unaonaje, mwanangu? Alisema mtoto anayetafuniwa majibu hakui. Wenzangu walikuwa wanagombezwa na mama zao, nami niliwaonea wivu, Mungu anisamehe.

Sasa, mwezi Machi ule, rafiki yangu Darla akaniapisha. Mama yake alikuwa ameolewa upya, na kesho yake wanahamia Arizona. Darla hakutaka. Baada ya shule angejificha kwenye kibanda cha mjomba wake cha kuvulia samaki, kule katikati ya ziwa, ambalo kila kipupwe huganda hadi watu wakajenga vibanda juu ya barafu, mpaka wamkose na safari ivunjike. Nikaapa kwa jina la mbwa wangu aliyekufa. Jambo ambalo Darla hakulifikiria, nami nililifikiria njia nzima ya kurudi nyumbani, ni kwamba barafu ilikuwa imeanza kulainika. Vibanda vyote vilishavutwa nchi kavu. Hicho kimoja kilibaki kwa uvivu wa mwenyewe tu.

Jikoni sikutulia. Nikafungua friji, nikafunga. Nikavaa koti, nikavua. Mama akauliza nina nini, nikashindwa kusema, maana kiapo ni kiapo. Ndipo nikaona njia. Nikakaa kwenye kiti cha wanaohojiwa, nikamwambia nina kisa: kuna msichana ameapa kutunza siri, na siri yenyewe inaweza kumuua rafiki yake. Afanyeje?

Lo, alivyofurahi! Akawasha kinasa sauti.

"Wewe unaonaje?"

"Aseme."

"Kwa nini?"

Nikasema, kwa sababu mwenzake atakufa. Mama akazidi kuuliza: je, kama rafiki huyo atamchukia maisha yake yote? Je, kama asingekuwa rafiki yake? Kiapo kina uzito gani? Kanda inazunguka, nje maji yanachuruzika kutoka kwenye paa, theluji inayeyuka mbele ya macho yangu, na mwanamke huyu ananiuliza kwa nini. Nilitamani kumrushia sahani ya biskuti.

"Mama, zima hicho kidude," nikasema. "Ni Darla. Yuko ziwani."

Midomo yake ilikuwa imeshajipanga kuuliza kwa nini, niliiona. Kisha akanyakua simu akawapigia zimamoto, tukatoka mbio hadi kwenye gari, yeye na ndala zake za ndani.

Zimamoto walimtoa ziwani kwa boti ya mpira, wanaume wakitambaa kifudifudi juu ya barafu, mguu mmoja wa Darla umelowa hadi pajani. Alipopitishwa mbele yangu amefunikwa blanketi, hakulia. "Uliapa," aliniambia, basi. Kesho yake wakahama, na barua zangu hakujibu hata moja.

Tukapanda gari kurudi nyumbani. Nikamuuliza Mama kama mimi ni mtu mbaya. Tukalipita kanisa, tukaipita shule, nami nikajua ananiandalia swali langu anirudishie.

"Hapana," akasema. "Umefanya vizuri."

Sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, na bado halikunitosha.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

Akasimamisha gari kando ya barabara.

"Kwa sababu mimi mama yako nimesema."

Nikamwegemea begani, nikalia mpaka nyumbani.