Viazi Vyeusi Vinane

Asubuhi ya Watakatifu Wote, Melchora aliandaa meza ya mumewe kama marehemu alivyopenda mambo alipokuwa hai: pasipo haraka. Alitandika kitambaa cheusi, akaweka mtungi wa chicha, ile pombe ya mahindi, majani ya koka kiganja kimoja, mshumaa, na mkate wenye umbo la farasi, wa kumbeba njiani wakati wa kurudi. Nemesio alikuwa amefariki mwezi wa pili, kwa kifua. Huu ulikuwa mwaka wake wa kwanza wa kuja kula, na mwaka wa kwanza mtu huja na njaa kubwa.

Jikoni, mkwe wake Delfina alikuwa anapakua. Mchuzi mwekundu wa viazi na karanga, nyama ya nguruwe ya kukaanga, na pembeni viazi vyeusi, vile vinavyogandishwa na baridi ya mlimani na kukanyagwa mpaka vitoe maji yote. Vinne kwa sahani. Melchora alipogeuka akaona sahani ni mbili.

"Hiyo nyingine ya nani?"

Delfina hakuinua uso. "Ya roho isiyo na mtu, mama. Si kila nyumba inaweka?"

"Roho isiyo na mtu hupewa bakuli la supu mlangoni. Haikaangiwi nguruwe."

Delfina akaendelea kupakua. Miaka miwili na nusu ilikuwa imepita tangu mumewe, Edilberto, mtoto pekee wa Melchora, ateremke kwenye mito ya msituni kuchekecha dhahabu. Alipiga simu mara moja, akasema mvua ni nyingi. Basi. Tangu siku hiyo, kila jioni Delfina alimpakulia chakula chake, akakifunika karibu na meko, na asubuhi akakila yeye mwenyewe, kimepoa. Hakuwahi kulalamika. Melchora alikuwa akiliona jambo hilo kila siku.

"Aliye hai hawekewi sahani siku hii," alisema. "Ukimwekea, unamwitia kifo. Hata mtoto anajua."

"Na kama hayuko hai, mama? Asimame hapo mlangoni, amtazame baba yake anakula, yeye hana hata kijiko?"

Melchora akaiangalia mikono ya yule binti, yenye madoa ya kuungua kwa mafuta. Ndiyo mikono iliyomwosha Nemesio siku zake za mwisho, wakati yeye mwenyewe mgongo ulikuwa umemkataa.

"Weka," alisema. "Lakini bila mshumaa. Na jina lisitajwe."

Alipoviona vile viazi vyeusi vinne kwenye sahani ya pili alitaka kusema neno, akaona heri alimeze.

Kengele ya kanisa ikagonga saa sita mchana. Simbilisi, wale wanyama wadogo wa kufugwa, waliokuwa wakilialia chini ya meko wakanyamaza wote kwa pamoja. Nzi mmoja wa buluu akaingia kwa mlango uliokuwa wazi, akatua ukingoni mwa kikombe cha Nemesio. Siku hiyo hakuna anayefukuza nzi.

"Karibu, mzee," Melchora alisema taratibu. "Kula ushibe."

Wakatoka. Mgeni wa namna ile hatazamwi akila. Melchora akafunga chumba kwa ufunguo, akauvaa shingoni.

Mchana kutwa walikaa uani, wakipukuchua mahindi. Jua lilikuwa kali, wala hapakuwa na upepo. Mara ndani ya chumba wakasikia kigoda kikivutwa sakafuni, polepole, kama anavyovuta mtu mwenye maumivu ya kiuno. Wakatazamana. Kisha kikavutwa cha pili, hicho kwa haraka.

"Panya," alisema Melchora.

"Panya hakai kwenye kigoda, mama."

Delfina alisogea akakaa karibu naye mpaka mabega yakagusana, na mkwewe hakumwondoa.

Kesho yake, kabla ya saa sita, akaja mzee Casimiro, mwombaji wa dua za wafu, ana gunia la mikate ya malipo mgongoni na ndevu zimejaa unga.

"Nyumba ya nane hii," alisema akipumua. "Marehemu wanakula harufu, uzito wananibebesha mimi. Haya, fungua, Melchora, tuonje kabla hawajaondoka."

Melchora akafungua. Vigoda viwili vilikuwa vimevutwa mezani, bega kwa bega. Vyakula vilikuwa palepale, havikupungua. Lakini sahani ya Nemesio ilikuwa na viazi vyeusi vinane. Ile nyingine haikuwa na hata kimoja.

"Umeingia humu?" Melchora alimuuliza Delfina.

"Ufunguo unao wewe, mama. Umelala nao."

Melchora akashika ukingo wa meza. Delfina alimjua Edilberto akiwa mtu mzima, anayekula kila anachopewa, kwa heshima. Hakumjua akiwa na miaka sita, akisema viazi hivi vina ladha ya kaburi, akavisukuma kimoja kimoja kwenye sahani ya baba yake. Na Nemesio akivila vyote huku akitazama pembeni, ili mama mtu asigundue. Mama mtu aligundua kila siku. Hakumwambia yeyote.

Mzee Casimiro alichovya kijiko kwenye sahani ya kwanza, kisha ya pili. Akatafuna muda mrefu. Uso wake ukapoteza utani wote.

"Hakuna chumvi," alisema. "Hakuna pilipili. Zote mbili, kama kutafuna pamba. Wamekula." Akavua kofia. "Nemesio ninamjua. Huyu mwingine nimwombee kwa jina gani?"

Delfina alimtazama mkwewe, midomo imekauka.

Melchora akaingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa mshumaa. Alikuwa nao tangu jana asubuhi. Akauwasha kwa moto wa ule wa Nemesio, akausimamisha mbele ya sahani ya pili.

"Edilberto," alisema. "Mwombee Edilberto. Amefika nyumbani."

Dua zikasomwa. Kengele ikagonga saa sita, na ndimi zote mbili za moto zikalala kuelekea mlangoni, ingawa hapakuwa na upepo. Kisha zikasimama. Chini ya meko simbilisi wakaanza kulia tena.

"Farasi ni mmoja tu, mama," Delfina alisema, machozi yakimdondoka juu ya kitambaa cheusi. "Sikumwokea wa kwake."

"Baba yake atampakia nyuma. Ndivyo walivyokuwa wakienda sokoni."

Melchora alimshika mkono, akamwongoza jikoni, akamkalisha kwenye kigoda karibu na moto. Akachota mchuzi kutoka kwenye chungu, unatoa mvuke, akamwekea bakuli magotini.

"Kula, mwanangu," alisema. "Leo ule kikiwa cha moto."