Mpaka wa Chaki

Rula hakutulia asubuhi ile. Alikuwa akisomea usanifu wa majengo, na zahanati yake ya mfano, ya maboksi, pana kama meza, ilikuwa imekamilika. Mwalimu alishaonya: ambaye kazi yake haitafika saa tatu, atarudia mwaka.

Tatizo lilikuwa mlango.

Wiki iliyopita, mwenzake wa chumba, mwanafunzi wa ualimu waliyemwita Kengele, alikuwa akikariri somo huku akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kiwiko chake kikaangusha ukuta wa zahanati. Maneno yakazaa maneno. Rula akachukua chaki, tena ya Kengele mwenyewe, akapima chumba na kukigawa nusu kwa nusu.

"Kila mtu kwake!"

Kengele akasogeza kitanda chake upande wake.

Msanifu mzima alipima kila kitu, akasahau kuwa mlango uko upande wa Kengele na hufungukia ndani. Sasa uligonga kitanda, ukaishia nusu. Rula alikuwa akipita kiubavuubavu. Zahanati haiwezi.

Akakaa, akasimama, akatazama dirisha. Nondo tupu.

"Dada Kengele..."

"Hodi hupigwa mpakani."

"Hodi, basi."

"Nani?"

"Jirani mjinga."

Kengele alitaka kucheka, akajikaza. "Ukuta niliuangusha, nikakuomba radhi. Hukusikia. Ulikuwa unapima."

Uso wa Rula ukawaka kwa aibu. "Kweli sikusikia. Nisamehe. Sema unachotaka."

"Pa kutembea. Nikikaa, somo halishiki. Na maboksi yako yamejaa kila mahali."

Rula akayatazama mabaki yaliyotapakaa sakafuni. Wagonjwa wa kuchora tu alikuwa amewajengea ukumbi mpana. Mtu anayelala naye chumba kimoja hakumwachia hata pa kugeukia.

"Nikirudi, yote yanaingia chini ya kitanda changu. Katikati ibaki njia."

"Ya nani?"

"Yetu."

Kengele akainuka. Wakasukuma kitanda chake pamoja, miguu ya kitanda ikaburuza chaki hadi ikawa vumbi. Mlango ukafunguka wote. Kengele akashika zahanati kwa mbele, akatoka kinyumenyume, haraka, huku akilikariri somo lake kwa sauti.

"Taratibu, mwenzangu! Hapo ulipokamata ni wodi ya wazazi!"

"Basi kaza mwendo," alisema Kengele, "wasije wakajifungulia njiani."