Moto wa Mchana Kweupe

Mimi mwoga, sikatai. Mdogo wangu aliponiambia gari langu litatumia ethanoli badala ya petroli, moyo ulinipiga paa! Yeye ni fundi magari. Lake alikuwa ameshalibadilisha, likaenda vizuri, mtaa mzima ukamsifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: langu akarekebisha kabureta tu, mipira ya kupitisha mafuta akaiacha ileile ya zamani.

"Ethanoli si inakula mpira?" nikamuuliza.

"Dada nawe! Itakula mpira, haitakula wewe."

Mchana huo tulikuwa tunampeleka mama kliniki. Mama hatembei tangu avunjike nyonga, kwa hiyo tulimlaza kiti cha nyuma. Mdogo wangu akaendesha, mimi pembeni yake nimeng'ang'ania mkanda. Mara ikanijia harufu, ile ya spiriti wanayokupaka kabla ya sindano.

"Kunanuka," nikasema.

"Ni pua yako na woga wako."

"Wanangu, miguu inaniungua," mama akasema.

"Jua hilo, mama. Teremsha kioo."

Nilipiga kelele mpaka akasimama. Akazima injini, akashuka amenuna, akainama kuchungulia chini ya gari. Petroli ikiwaka unaiona, mwali wa njano na moshi mweusi. Hapa hapakuwa na kitu. Jua kali na lami, basi.

"Umeona? Moto uko wapi?" Akapeleka mkono chini ya mlango wa nyuma kupapasa mpira.

Akauchomoa mkono akilia kama mtoto. Vinyweleo vyote vilikuwa vimekwisha. Ndipo nikaona rangi ya mlango ikitokota kama uji, na kinachoitokosa hakionekani. Mungu wangu! Ethanoli ikiwaka juani, macho hayauoni mwali wake.

"Mtoe mama!"

Nilizungukia mlango wa pili, nikamshika mama kwapani, nikavuta. Sijui nguvu nilizipata wapi. Alilia nyonga, nami nikazidi kuvuta. Mdogo wangu akamshika miguu kwa mkono wake mzima, tukakimbia naye hadi kando ya barabara, tukamlaza kwenye mchanga.

Nyuma yetu tairi likapasuka. Nilicheka, jamani, nilicheka. Gari liungue lote, nikasema, mama tunaye.

Mama alikuwa anajitazama. "Mbona gauni langu linakwisha?" akauliza kwa sauti ndogo.

Pindo lilikuwa linarudi nyuma lenyewe, jeusi, linapanda kuelekea goti, na mwali hakuna. Nikamlalia mwili mzima. Nikamkandamiza, nikamwagia mchanga kwa viganja, nikapiga popote mkono ulipofika. Mama akaanza kupiga mayowe, na sikujua ni nyonga au ni moto.

"Umezimika?" nikamlilia mdogo wangu. "Niambie, umezimika?"

Alikuwa amepiga magoti kando yetu, macho yamemtoka.

"Sijui, dada," akasema. "Sioni."