Tope la Banioni

Mafuriko yalipopungua, msimamizi wa banio, ule ukuta wa milango ya chuma unaoelekeza mto mferejini, alichovya mti mrefu majini akakuta tope limekaribia mdomo wa mfereji. Akaamua kufungua milango ya chini siku hiyohiyo, mto ungali na nguvu za kulisukuma. Wangechelewa, lingeshikana kama tofali na kuziba mfereji msimu mzima.

Ubaya ni kwamba milango hiyo ikifunguliwa, maji yote huteremka na mto, na mfereji hukauka kwa muda. Na mwenyekiti wa wakulima alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyemchukia tangu posa.

Wifi alifika na kundi la wakulima. Akasimama mbele ya gurudumu la kufungulia lango, akasema miche ya mpunga ndiyo kwanza inashika, na kwamba kuna watu hupewa kazi kwa sura zao. Wenzake wakacheka. Msimamizi akaeleza habari ya tope. Hakuna aliyemsikiliza, na mmoja akautupa mtoni ule mti wake wa kupimia.

"Ondoka hapo, wifi," msimamizi alisema.

"Niondoe wewe."

Alimwondoa. Alimkumbatia kiunoni akamvuta, wakaanguka wote kwenye zege, kilemba kikamtoka wifi mbele ya wanaume. Kabla hajainuka, gurudumu lilikuwa linazunguka. Lango likanguruma, maji meusi yakachomoka na magogo na tope zito. Wakulima wakabaki kuyatazama maji ya mfereji wao yakishuka.

Maji yaliporudishwa mferejini yalikuja tele, maana mdomo ulikuwa safi. Mashamba mengi yakapona. La wifi, lililo mwisho kabisa wa mfereji, halikupona.

Msimamizi alimwomba mumewe ampelekee dada yake miche kutoka shambani kwao. Mume akageukia ukutani, akajifanya amelala. Basi msimamizi akaibeba mwenyewe kichwani.

Wifi hakumkaribisha ndani.

"Ulijua langu litakufa?"

"Nilijua."

"Na bado ukafungua."

"Ningefungua hata lingekuwa langu."

Wifi akaipokea miche, kwa kuwa mvua zilikuwa zinaisha, akashuka nayo shambani. Hakushukuru. Msimamizi naye hakuomba radhi. Alifuta tope la miche shingoni, akashika njia ya kurudi kazini.