Viazi vya Jumapili Yenye Jua

Mama mkwe wangu, Huguette, hakuwa amebakiza siku nyingi, naye alijua. Alitaka kitu kimoja tu: kula chakula cha Jumapili na mwanawe. Kwao chakula hicho huliwa mchana, na hakuna anayekikosa. Mume wangu Fabrice alikuwa zamu ya asubuhi kwenye kinu cha nyuklia pale kando ya mto Loire, hapa Ufaransa, kwa hiyo tulikubaliana kumngoja kidogo.

Jumapili hiyo jua likawaka vibaya mno. Paneli za sola za nchi nzima zikajaza nyaya umeme, na watu wako bustanini hawautumii. Wasimamizi wa gridi ya umeme wakapiga simu kinuni: nguvu ya kinu ishushwe hadi nusu, ipandishwe tena jioni watu wakirudi kupika.

Kushusha si kazi, Fabrice huniambia. Fimbo za kuzuia moto wa kinu zinaingizwa taratibu, moto unapoa. Kazi inakuja baadaye. Kinu kikishushwa kinajijaza sumu ndani ya fueli yake, gesi inayoukaba moto, kinataka kuzidi kulala, kisha sumu inapungua nacho kinataka kuamka chenyewe. Lazima mtu akae akirekebisha, saa baada ya saa.

Zamu ilipokwisha, Bastien wa kumpokea alikuwa kwao anatapika. Na pale huachi kiti mpaka mwenzio akikalie. Aliyeitwa badala yake angefika jioni, kinu kikishapanda. Fabrice akapiga simu nyumbani kusema hatafika mchana. Mama akaninyang'anya simu.

“Hicho kinu chenu mnakipandisha lini?”

Akamjibu: jioni, majiko yakiwashwa.

“Basi na sisi tutapika jioni. Mkeo Nadège ataingiza viazi jikoni saa hiyohiyo.”

“Mama, jiko moja halionekani huku kwenye mitambo yetu.”

“Nani kakwambia nataka lionekane? Wewe pandisha, usiniunguzie viazi.”

Nilimsikia Fabrice akicheka, kicheko cha mtu aliyechoka.

Mchana kutwa Mama alikataa kitanda. Alisema nikimlaza sitamwamsha, na alikuwa sahihi. Akasinzia kitini, mimi nikamenya viazi, nikavipanga na maziwa na jibini. Jioni nilipowasha jiko aliniomba nimgeuzie kiti, akaikodolea macho taa nyekundu ya jiko mpaka viazi vikaiva.

Fabrice aliingia viazi vimeshapoa, kitambulisho cha kazini bado kinaning'inia shingoni. Akaanza kula amesimama.

“Kaa chini,” Mama akamwambia. “Umeme wako umepika vizuri. Chumvi ndiyo haitoshi, hiyo ya mkeo.”

Mama alikula vijiko viwili, labda vitatu. Kisha wote wawili wakalala palepale mezani, mkono wa Mama juu ya mkono wa shati la mwanawe. Sikumwamsha yeyote. Niliondoa sahani polepole.

Mama tulimzika kabla ya Jumapili iliyofuata. Kinu kinaendelea kushuka mchana na kupanda jioni, na Fabrice anarudi vilevile, macho mekundu. Kwetu chakula cha Jumapili sasa ni cha jioni. Chumvi naongeza.