Macho au Taa

Mara ya kwanza giza lilipomwingia, Gharibu alikuwa ameipita Busunzu, jua limeshatua, anaelekea Kibondo. Alikuwa peke yake ndani ya Land Rover ya tajiri wake, nyuma amepakia magunia ya chumvi. Gari likaruka shimo, na barabara ikapotea. Haikufifia. Ilipotea kana kwamba yeye amefunikwa blanketi usoni. Akakanyaga breki kwa nguvu zote na kufumba macho. Alipoyafumbua, barabara ilikuwa palepale, nyekundu ndani ya mwanga wa taa, kana kwamba haijawahi kwenda popote.

Dereva mwingine angeshuka akaipiga bampa teke na kuzitukana taa. Gharibu hakushuka. Alikaa akijipapasa kope. Baba yake, mzee Niyitegeka, alipofuka akiwa na umri kama wa Gharibu sasa, na mzee alisema siku zote kwamba upofu haukumjia kwa kishindo. "Giza lilibisha hodi jioni," alikuwa akisimulia, "likaondoka. Likarudi. Mwisho likahamia." Utotoni mwake mwote Gharibu ndiye aliyeshika ncha ya fimbo na kumwongoza mzee njia ya shambani.

Basi hakumwambia mtu. Giza lilimrudia tena na tena, kila mara safarini, kila mara kwa muda wa kupepesa jicho, naye akaanza kuikwepa jioni kama mtu anayemkwepa mdai. Leo tairi limepungua upepo, kesho daraja la miti limelegea, afadhali alale Kasulu. Tajiri wake, Hamis, mwenye duka la vitambaa na sabuni pale Kibondo, alivumilia. Mkewe, Tunu, alimwona akikaa jikoni akiziba jicho moja na kuutazama moto, kisha akiziba la pili.

"Una nini wewe?"

"Vumbi la barabarani."

Yakaenda hivyo mpaka dada yake Tunu alipojifungua Kasulu, na Tunu akaomba lifti kwenda kumwona. Kurudi, mvua iliwashika njiani na tope likawachelewesha. Walipofika Busunzu jua lilikuwa limezama.

"Tulale hapa," Gharibu akasema.

"Tulale kwa nani? Watoto tumewaacha kwa jirani Valeria tangu jana, na nyumbani si mbali tena."

Kila jibu lingefungua siri. Akawasha taa, akaondoka polepole. Hawakwenda mbali. Gari likatumbukia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua, likaruka, na dunia ikazimika. Gharibu akakanyaga breki na kufumba macho.

"Mbona umezima taa?" Tunu akauliza.

Gharibu hakuamini masikio yake. "Umesemaje?"

"Taa, baba Asia! Umezima taa na hapa ni porini."

"Na wewe huoni?"

"Nitaonaje na taa umezima?"

Hapo gurudumu likazama kidogo topeni, gari likanesa, taa zikawaka zenyewe. Gharibu akafumbua macho, akauachia usukani, akaweka uso ndani ya viganja, na mabega yakaanza kutikisika. Tunu alidhani analia. Kumbe anacheka, na alipoendelea kumtazama akaona kwamba analia pia.

"Ulisema 'na wewe'," akamwambia taratibu. "Maana yake nini?"

Akamweleza yote: mzee Niyitegeka, giza la mara ya kwanza, visingizio vya matairi. Tunu alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mkewe akasema, "Wiki ile ulipotupeleka Kumsenga kwenye arusi, mimi na wanao nyuma, ulikuwa unajiona unapofuka?"

"Ego," akajibu kwa Kiha. Ndiyo.

Gharibu aliendesha mwendo wa kinyonga mpaka nyumbani, na taa, kama kwa kuwacheka, hazikuzima hata mara moja.

Asubuhi yake akalipeleka gari kwa Longinus, fundi aliyekuwa na kibanda nyuma ya ghala la maharage la Hamis. Tunu akafuatana naye bila kuombwa. Longinus akawasha taa. Zikawaka safi. Akazima, akawasha, akatikisa. Safi.

"Ugonjwa unamwogopa mganga," akasema. "Hebu niambie. Zikizima, inazima moja au zote mbili?"

Gharibu akakuna kichwa. Kila mara alikuwa amefumba macho.

"Zote mbili," Tunu akasema. "Pamoja. Na zikarudi pamoja."

"Na ile taa ndogo ya kwenye saa ya mwendo?"

"Hiyo haikuzima. Ndiyo iliyonionyesha mikono yake imeng'ang'ania usukani."

Gharibu akageuka kumtazama mkewe. Miezi yote ile, kama angethubutu kuacha macho wazi, taa ile ndogo ingemwambia kwamba bado anaona.

Longinus alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa sauti, zaidi kwa ajili yake mwenyewe. Glopu mbili hazifi pamoja zikafufuka pamoja. Basi si glopu. Taa ndogo ilibaki, basi betri inafika mpaka kwenye dashibodi. Ubaya uko baina ya hapo na mbele: swichi, au nyaya, au mahali ambapo taa zote mbili zinakutana.

Wakaliingiza gari ghalani, wakafunga milango ili mwanga uonekane ukutani. Tunu akasimama kando ya ukuta kuangalia. Longinus akavutavuta nyaya chini ya usukani.

"Bado zinawaka," Tunu akaita.

Akabonyeza na kugonga swichi ya mguuni, ile ya kubadilisha taa ndefu na fupi. Bado zinawaka.

"Gharibu, panda juu ya bampa. Ruka kama shimo la Busunzu."

Gharibu akaruka. Gari likanesa.

"Zimezima! Zimerudi!"

Longinus akatabasamu. Akachukua kipande cha waya, ncha moja akaifunga kwenye waya wa taa unaorudisha umeme kwenye bodi, ncha nyingine kwenye chuma cha injini. "Ruka tena." Gharibu akaruka mpaka jasho likamtoka. Mwanga ukutani ukacheza juu na chini, lakini haukukatika.

"Basi ni ethi," fundi akasema. "Umeme unakwenda, ila njia ya kurudi imekatika."

Wakaipata nyuma ya wavu wa mbele: bolti moja iliyoshika nyaya za ethi za taa zote mbili. Nati ilikuwa imelegea, kutu na vumbi jekundu vimejaa chini yake, na waya wenyewe umebaki nyuzi chache tu. Gari likisimama nyuzi zinagusana, likiruka zinaachana. Longinus akasugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, akatia kichwa kipya cha waya, akakaza. Gharibu akaruka tena. Tunu hakuita kitu.

Mchana ule Gharibu alikwenda dukani kwa Hamis akamweleza ukweli, kwa kuwa Tunu alimwambia hatapika mpaka aende. Hamis aliacha kupima kitambaa.

"Kwa nini hukuniambia? Ningempa gari mtu mwingine."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Hamis akanyoosha mkono, akauchukua ufunguo. "Gari limepona. Wewe nenda kwa daktari kwanza."

Daktari wa wilaya, Mchaga mpole aliyehamishiwa huko karibuni, alimmulika macho kwa tochi, jicho moja baada ya jingine. Hakuona ubaya, lakini aliposikia habari za mzee Niyitegeka alimwambia arudi kila mwaka apimwe. Gharibu akatoka nje akiwa mwepesi, na Hamis akamrudishia ufunguo.

Nyumbani alimkuta Tunu anapepeta mtama.

"Amesema macho ni mazima," akasema. "Naapa, siku nyingine chochote nikikiona—"

"Usiape. Niambie tu." Tunu akasogeza ungo, akamwonyesha nafasi kwenye mkeka. "Kaa. Bado nimekukasirikia, lakini kaa."

Gharibu akakaa, akaanza kuchagua vijiwe.