Taa Namba Nne

Mdogo wangu alikuwa ameshafeli mara mbili, na shule yetu ya waongoza treni inatoa nafasi tatu tu. Ya tatu ilikuwa leo asubuhi, kwenye meza niliyoiunda mimi mwenyewe: vibao sita vya mbao, reli ndogo, treni mbili za kuchezea, taa kumi na mbili, na waya chungu nzima chini yake. Mtahiniwa anakaa upande wa pili wa pazia na kompyuta. Meza haioni. Anachapa amri, programu yangu inaipeleka kwenye taa, taa inabadilika, treni inasimama au inapita. "Nne nyekundu." "Tisa kijani." Basi, hata mtoto wa chekechea anaweza.

Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia nyumbani. Tunakaa pamoja, yeye na mimi na mama yetu, na mdomo wangu hauna breki. "Haraka ya nini? Kuna mtu anakukimbiza?" Alipofeli mara ya pili nilimwita mzembe mbele ya mama. Aliweka kijiko chini akaenda kulala bila kumaliza chakula. Nikaona ni kiburi tu kinamsumbua.

Mara zote mbili nilitolewa nje ya chumba kwa sababu ya undugu. Leo fundi mwenzangu anaumwa, na bila fundi treni haziendi. Mkufunzi mkuu akaniangalia juu ya miwani yake. "Utakaa nyuma ya meza. Hugusi kitu, husemi kitu." Nikasema sawa.

Dakika ishirini za kwanza, za amri moja moja, mambo yalikwenda vizuri mpaka nikaogopa. Nilisikia vidole vyake nyuma ya pazia, tatatata, kila amri kwa mkupuo mmoja. Amechapa barua za wakili miaka sita, huyo. Treni nyekundu ikatoka stesheni ya kwanza, ya bluu ikawa inangoja stesheni ya pili. Katikati kuna kipande cha njia moja, na haziwezi kuwa humo zote mbili. Nilijua anachotakiwa kufanya: aifunge taa ya nne, treni nyekundu isimame, ndipo aifungue ya tisa, ya bluu ipite. Moyoni nikawa namwomba, taratibu mdogo wangu, taratibu.

Akachapa. Tisa ikawa kijani. Nne haikubadilika.

Nikaikodolea macho. Kijani ileile. Nikageukia skrini ya fundi ukutani: nne nyekundu, tisa kijani. Ameamuru zote mbili, tena kwa mpangilio wake. Treni zikaingia, zikagongana, ya bluu ikalala ubavu.

"Umechelewa kufunga," nilimsikia mkufunzi akimwambia. "Treni ilishapita taa. Yaleyale ya mwanzo."



Hapo ndipo akili ikanikaa sawa. Programu yangu inahitaji sekunde mbili kuifikisha amri moja. Ya pili ikiingia kabla ya hapo, ya kwanza inapotea, na skrini inaonyesha kilichoamriwa, si kilichowaka. Sikuwahi kuliona hilo kwa sababu kila jaribio nililifanya kwa mikono yangu, na mimi nachapa kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa mahindi.

Nikafungua pazia. "Mwalimu, usiandike. Kosa ni langu."

"Nilikuambia husemi kitu," akasema. "Na huyu ni mdogo wako."

"Jaribu mwenyewe, basi."

Akajaribu, kidole kimoja kama mimi. Nne nyekundu, tisa kijani, safi kabisa. Nikajaribu mimi: safi. Nikaharakisha, nikachapa upuuzi, programu ikaukataa. Ningeweza kuipiga teke ile meza.

"Fundi," akasema kwa upole ulionitisha kuliko ukali, "undugu naujua. Nina ndugu pia."

"Achape yeye. Amri zilezile. Wewe njoo huku utazame taa, achana na skrini."

Akafikiri, kalamu juu ya karatasi. "Sawa. Taa zikifanya kazi, naandika amefeli, na mjadala umekwisha."

Mdogo wangu akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nichapeje?"

Miezi minane nimemwambia apunguze mwendo. "Haraka," nikasema. "Haraka kadiri unavyoweza."

Akachapa. Tisa kijani. Nne kijani.

Mkufunzi akainama mpaka pua ikakaribia kuigusa ile taa. "Rudia." Akarudia mara tatu, na mara zote tatu nne haikutii. Mkufunzi akachana karatasi yake. "Mitihani yake yote mitatu imefutwa. Atafanya upya ukisharekebisha hii kitu yako. Na uniletee majina ya wote waliofelia hapa." Akatoka bila kuniaga, na sikumlaumu.

Nikavuta kiti karibu na mdogo wangu. Nilitegemea atacheka, au atanitukana, na matusi ningeyapokea vizuri zaidi. Alikuwa ameweka mikono mapajani, anavitazama vidole vyake.

"Ulisema mimi ni mzembe," akasema.

"Nilikosea. Nisamehe."

"Sawa. Lakini mimi nilikuamini, dada."